Tabibu wa Nshamba na shingo ya bibi harusi

Saa moja na nusu asubuhi, Nshamba, wilayani Muleba. Ukungu haujatoka kwenye migomba, na mkulima wa kahawa, mzee Julius, ameshapandisha suruali mpaka gotini ili tabibu auone muwasho wake. Tabibu anautazama mguu, anaubonyeza, anauliza maswali mawili matatu. Kisha anatoa mkobani futi ya fundi cherehani na kumwomba mzee avue shati.

"Ma Vestina, mimi nimekuja na mguu, wewe unapima tumbo," mzee analalamika. "Unanishonea suti?"

"Suti utanunua mwenyewe, Ta Julius. Simama wima, waitu, na hiyo pumzi uiachie."

Benchi zima linacheka. Mzee naye anacheka, kitambi alichokuwa amekibana kinarudi mahali pake. Vestina anapima kiuno, anapima presha, anamchoma kidole kupima sukari. Ndipo anaurudia mguu.

Vestina Kyaruzi, miaka 51, ni ofisa tabibu katika zahanati moja binafsi hapa Nshamba. Kwa zaidi ya miaka ishirini, ugonjwa wa ngozi kwake ulikuwa ugonjwa wa ngozi basi. Upele ulipata dawa ya upele, fangasi ikapata dawa ya fangasi, mgonjwa akaenda zake. Siku hizi hafanyi hivyo, na ukimuuliza sababu hakutajii kitabu. Anakutajia shingo ya mtoto wa kaka yake.

Mtoto huyo ni Jovita, mwalimu wa chekechea mwenye miaka 26. Mwaka jana alichumbiwa na Rwekaza, kijana wa Ngenge. Shida ilikuwa nyuma ya shingo yake: ngozi nyeusi kuliko mwili wote, nene, yenye mikunjo. Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Baba alisema ni rozari ya shaba. Majirani walisema ni mkorogo. Mama yake, Kokuhirwa, alisema ni uchafu, na uchafu dawa yake ni kusugua.

"Nilianza na dodoki, haukutoka. Nikachukua jiwe la kusugulia nyayo," anasimulia Kokuhirwa, na hafichi kitu. "Nilimsugua mpaka akalia, na mimi nalia. Ningemtoaje binti mchafu kwa watu?"

Hofu yake si ya bure. Katika familia hii, binti huwaamkia wakubwa kwa kupiga magoti na kuinamisha kichwa. Siku ya kuagwa angewainamia wakwe mmoja baada ya mwingine, na aliyeketi kitini hukutana kwanza na shingo. Tena anayeulizwa habari za bibi harusi si mama, ni shangazi. Shangazi ndiye humfunda, ndiye humwogesha, na lawama zikija zinamkuta yeye. Shangazi mwenyewe ni Vestina.

"Wifi yangu alinijia juu. Akaniambia, wewe daktari mzima, shingo ya mtoto inakushinda?" anakumbuka Vestina. "Nikampa dawa ya fangasi. Ilipoisha nikampa nyingine."

Ndipo ukaja wito wa mafunzo endelevu ya matabibu, Bukoba mjini. Anakiri hakuwa na hamu nayo. Alitaka pointi za kuhuisha leseni, na pa kulala alikuwa napo kwa mdogo wake anayeishi Kitendaguro. Ratiba nayo ilimshangaza: asubuhi moyo, presha na kisukari, mchana magonjwa ya ngozi, darasa lilelile, watu walewale.

"Nikamuuliza jirani yangu, hawa wamekosa vyumba? Ngozi na moyo vina undugu gani?"

Alasiri mwalimu wa ngozi, Dk Mushumbusi, alionyesha picha ukutani. Ilikuwa shingo ya mtu, kwa nyuma. Akauliza nani amewahi kuiona, mikono ikapanda darasa zima. Akauliza nani aliitibu kwa dawa ya fangasi. Mikono ikapanda tena, safari hii polepole.

Maelezo yake Vestina anayarudia mpaka leo kwa kila anayetaka kusikia. Mwili wa mtu ukianza kuwa sugu kwa insulini, ile kemikali inayoingiza sukari kwenye misuli, kongosho huizalisha kwa wingi zaidi. Insulini ikizidi kwenye damu, ngozi ya shingo na makwapa hunenepa na kuwa nyeusi. Si uchafu, na haiambukizi. Si kila mwenye shingo hiyo ana kisukari, lakini kila mwenye nayo apimwe.

"Kipindi kilichobaki sikukisikia," anasema. "Nilikuwa namwona Jovita chini ya lile jiwe."

Aliporudi alimpima Jovita kabla hajanywa hata chai. Kipimo kikasoma tisa na nukta mbili, wakati mtu wa kawaida ambaye hajala hafiki sita na nusu. Akampima tena siku nyingine. Haikushuka; kilikuwa kisukari.

Kokuhirwa alilia, akafuta machozi, akaja na uamuzi wake: lisitoke neno mpaka ndoa ifungwe. Shangazi kazi yake ni kufunika. Vestina anasema usingizi ulimpaa, maana wifi hakuwa amekosea kuhusu kazi ya shangazi. Lakini tabibu ndani yake alikuwa anaona mbali. Bibi harusi mgeni ataficha wapi vidonge katika nyumba ya watu? Atakataaje sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, iliyojazwa kwa heshima yake? Na akishika mimba sukari ikiwa juu, je?

"Mwisho nikasema, siri ni ya mgonjwa. Si ya mama yake, wala si yangu. Omwana wange, amua wewe."

Jovita, ambaye ameruhusu jina lake liandikwe ("andika tu, wapo wengine wanasuguliwa"), aliamua kumwambia Rwekaza. Kijana alisikiliza, akaaga, akarudi Ngenge. Simu ikanyamaza.

"Siku ya kwanza nikasema ana kazi. Baada ya wiki nikajua yamekwisha," anasema Jovita. "Nilianza kuwaza nitawatazamaje watu."

Nyumbani moto uliwaka. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, Kokuhirwa alimpita wifi yake bila salamu, jambo ambalo huku halisameheki kirahisi. Vestina anasema siku hiyo alijuta hata kwenda Bukoba.

Kisha asubuhi moja alimkuta mgeni kwenye benchi la zahanati, mama wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye ukosi wa gauni. Alikuwa Ma Consolata, mama yake Rwekaza, ametoka Ngenge peke yake.

"Nikajua anarudisha maneno, uchumba umevunjika," anasema Vestina. "Nikampa kahawa ya kutafuna, ndiyo makaribisho yetu, akaishika tu mkononi. Akaniomba nifunge mlango."

Mlango ulipofungwa, Ma Consolata alifungua kitambaa na kuinama. Shingo yake ilikuwa nyeusi kuliko ya Jovita.

"Nilimwambia, mwanangu amenieleza habari za mkwe wangu," anasimulia Ma Consolata mwenyewe. "Miaka yote hii nafunga kitambaa hata jikoni. Mume wangu amekufa hajaiona. Nikamwambia, nitazame na mimi."

Sukari yake ilikuwa juu kuliko ya Jovita, na nyayo zilishaanza kufa ganzi. Yeye alidhani ni uzee.

Na kimya cha Rwekaza? "Jovita alipofunua ile shingo, niliijua. Nilikuwa nikiiona utotoni, mama aliponipeleka kuoga mtoni," anasema kijana, akicheka kwa aibu. "Siku zote zile nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama yangu. Wewe ungeanzia wapi?"

Ndoa ilifungwa. Leo mkwe na mama mkwe wanapika chungu kimoja, ebitoke kidogo, maharage na mboga kwa wingi, na wote wawili wanameza vidonge bila kujificha. Sukari ya Jovita imeshuka na anatumaini kupata mtoto daktari atakapomruhusu. Shingo imepungua weusi, haijaisha. Vestina hamwahidi kuwa itaisha. Kokuhirwa anamsalimu tena wifi yake, ingawa bado anasema angeambiwa mapema asingepoteza sabuni.

Mafunzo mengine yanakaribia, na waandaaji wamemwomba Vestina azungumze na matabibu wenzake. Anachotamani ni kwamba tabibu wa kila zahanati ya Muleba ajue kupima sukari kabla ya kuandika dawa ya kupaka. Ila hataki kwenda na picha ya ukutani. Amemwomba Ma Consolata afuatane naye.

Ma Consolata aliomba siku mbili za kufikiri. Jana ametuma jibu: atakwenda, na kitambaa atakiacha Ngenge.