Banda la Masunga na Lango la Uwanja wa Igawa

Masunga alifika Igawa mwaka 1972 akiswaga ng'ombe kumi na saba kutoka Usukumani, na hakumwamini mtu aliyemwita ndugu kabla ya kumjua jina. Uwanja wa mpira wakati huo ulikuwa malisho tu yenye magoli ya miti. Timu ilipotaka ukuta, Masunga alitoa matofali yote ya kuchoma, akadai kitu kimoja kwa maandishi: banda lake la nyama choma lisitenganishwe na lango. Philbert, katibu wa timu, Mhehe mwenye maneno laini, alitia saini bila kusoma. Hilo nalo lilimtia Masunga shaka.

Miaka mitatu kila aliyeingia uwanjani alipita kwenye moshi wake.

Kisha ikaja timu ya Iringa. Lori lao lilifika langoni, wachezaji wakagoma kushuka, wakisema pale pamefukiwa dawa. Likazunguka nyuma, wakaruka ukuta, matofali yakaporomoka, wakashinda mawili bila. Tangu hapo kila timu ngeni ilipita kwenye pengo lile, na watazamaji wakafuata. Nani akanyage dawa isiyomhusu? Banda likapoa. Pengoni akatokea Benedicta, shemeji yake Philbert, akiuza maandazi.

"Nani aliwaambia watu wa Iringa kwamba langoni kuna kitu?" Masunga aliuliza.

"Mzee Masunga, mpira una mambo yake," alijibu Philbert.

"Una na mashemeji."

Philbert akacheka, akitazama pembeni.

"Baba Regina, achana nao," mkewe Kalista alimwambia nyumbani. "Ukianza kuchimbachimba pale, watasema unafukua ulichofukia."

"Nitachimba mchana, wote wakiona. Wataona hakuna kitu."

Jumamosi, kabla ya mechi na Chunya, akachimba. Philbert alisimama karibu, mikono nyuma. Jembe likagonga kitu: pembe ya ng'ombe, chini yake taya. Watu wakarudi nyuma hatua tano.

Masunga akaifuta pembe. Akaona pigo la shoka lake mwenyewe. Kumbe mbwa wa banda lake walikuwa wakifukia mifupa pale miaka yote.

"Ni ya ng'ombe niliyemchinja mimi," alisema. "Mbwa ndio waliofukia."

"Basi ni yako," Philbert alisema polepole. "Umekiri mwenyewe, mzee."

Kapteni wa Chunya alikuwa tayari anaelekea kwenye pengo. Masunga alimtazama anavyokwenda, kisha akatoa karatasi mfukoni.

"Sawa. Lango hili lizibwe, lijengwe jingine kwenye pengo. Matofali natoa. Na banda langu halitenganishwi na lango. Soma, saini ni yako."

Safari hii Philbert alisoma. Alisoma mara mbili.

Wiki iliyofuata moshi wa nyama ulikuwa ukimpiga Benedicta usoni. Masunga alifunga mbwa wake kwa kamba fupi, akatazama barabara ya Iringa, aone lori lijalo litasimama wapi.