Mwito wa Pili

Harufu ya chokaa iliyorowa haijanitoka. Kila masika yakianza naisikia, hata hapa Mpendae, ambapo nyumba yangu ni ya matofali na bati. Ndiyo iliyotanda katika kichochoro chetu cha Mji Mkongwe, miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mvua ilinyesha wiki nzima. Kuta za mawe za nyumba tuliyopanga zilikunywa maji hadi zikavimba, na mama akawa anaziba nyufa kwa matambara, akisema boriti zimezeeka lakini zimezoea. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki na mama, mimi, mdogo wangu Salum, na Zuwena wa miaka minne.

Mama alitulea kwa kanuni moja asiyoifanyia mzaha: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitikie mwito wa kwanza. Jini huita mara moja tu, binadamu hurudia. Kwa hiyo yeye alituita mara mbili, nasi tukaitika "Naam" kwa ule wa pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa mtiifu kuliko wenzangu.

Siku ile, saa saba mchana, saa ambayo wazee walisema majini hutembea, mvua ilikatika kidogo. Mama alinituma kuteka maji mferejini na ndoo, nikawachukua na wadogo zangu. Wakati wa kurudi tulifika barazani kwa Bi Shemsa, jirani muuza vitumbua, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hapo nikasikia sauti ya mama kutoka ndani ya nyumba yetu.

"Mwanakhamisi!"

Nikasimama.

"We, mama yako anakwita," akasema Bi Shemsa. "Umeziba masikio?"

"Nangoja wa pili."

Alicheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. "Haya, ngoja! Siku ukiitwa na mume, utangoja wa tatu?"

Wa pili haukuja. Ulikuja mshindo mzito, kisha kimya, kisha ile harufu.

Wanaume walifukua kifusi cha nyumba yetu kwa mikono hadi alasiri. Mama walimkuta karibu na mlango. Alikuwa anatoka? Aliniita nimsaidie, au nisikaribie? Ningeitika, pengine angeifuata sauti yangu akatoka. Au ningeingia mbio na wadogo zangu, tukazikwa wanne. Nimelipindua jambo hili miaka yote na sijaujua upande wake wa juu. Tulinusurika kwa sababu nilimtii, na huenda yeye alikufa kwa sababu hiyo hiyo.

Matanga yalipoanuliwa, ami yetu wa Uroa akamtaka Salum, na shangazi wa Mangapwani akamtaka Zuwena. Mimi ningebaki mjini nikisaidia kwenye nyumba za watu. Nikasema hatutengani.

"Utawalisha nini?" akauliza ami, kwa upole. "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

Bi Shemsa ndiye aliyejibu, macho yakiwa mekundu: "Watakula vitumbua, mpaka mmoja wetu achoke."

Alitupa chumba chake cha uani. Niliacha skuli, nikajifunza kushona kofia, na kofia zikawakuza wadogo zangu. Bi Shemsa hakunitania tena kamwe. Wala hatukuwahi kuuzungumzia ule mwito, ingawa ni sisi wawili tu tulioujibu, yeye kwa kicheko na mimi kwa kimya.

Zuwena ndiye aliyeuliza. "Mama alikwita akwambie nini?" Mara nilimwambia alitaka tukimbie, mara alitaka maji. Akagundua kuwa majibu hayafanani. Sasa naye ana wajukuu, na bado akija kunitazama huniuliza, nami bado sijui.

Siku hizi simu ndiyo inayoita. Mjukuu wangu hunikemea: "Bibi, namba huijui usipokee! Wezi hao." Kweli anayosema, ananilinda, kama mama alivyotulinda. Lakini mlio wa kwanza haujesha, nami nshapokea.

"Naam," nasema, kabla sijajua ni nani.