Mgongo wa Idwal Beddoe

Tangu aanze kushuka mgodini Cwm Helyg, Idwal Beddoe hakuwa ameosha mgongo. Wachimba makaa wa pale waliamini kwamba maji na sabuni hulegeza uti, na mwenye uti uliolegea hamalizi zamu. Kwa hiyo Jumamosi ile, alipooga kwenye karai mbele ya moto, mkewe Morfydd alimsugua mikono, shingo na masikio mpaka yakawa mekundu, akaishia hapo.

"Na mgongo, baba watoto? Leo tu."

"Unataka nivunjike Jumatatu? Shati litafunika."

Shati lilikuwa jeupe, la kuazima. Timu ya kriketi ya Bwana Treharne, meneja wa mgodi, ilikuwa timu ya mawakili na madaktari, na hakuna mchimbaji aliyewahi kuichezea. Sasa ilikuwa imepungukiwa na mrushaji wa mpira. Idwal aliambiwa kwamba akirusha vizuri, nafasi ni yake msimu mzima. Tangu hapo alikuwa hana habari nyingine.

Alirusha vizuri. Wachimbaji wenzake walikaa juu ya ukuta wa uwanja, miguu ikining'inia.

"Idwal we! Wamezoea kurushiwa maua hao!"

"Taratibu, kaka, wasije wakachafua suruali!"

Vijiti vilivyosimama nyuma ya mpigaji, shabaha ya mrushaji, vikaanguka, vikasimamishwa, vikaanguka tena. Bwana Treharne akapiga makofi. Jua likakaza, jasho likamlowesha Idwal, na alipogeuka kwenda kuanza upya mbio zake za kurusha, kelele za ukutani zikakatika. Huko kibandani, walikokaa wenye uwanja, mwanamke mmoja akacheka. Idwal akapeleka mkono mgongoni. Vidole vilirudi vyeusi.

Bwana Treharne akamsogelea. "Umefanya kazi nzuri, Beddoe. Vaa koti lako sasa. Mwingine atamalizia."

"Bado nina nguvu, bwana."

"Vaa koti."

"Na Jumamosi ijayo?"

Bwana Treharne alikuwa ameshageuka, anamwita mrushaji mwingine.

Wenzake walimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Hakuna aliyetania.

Morfydd alimvua shati, akalitazama, kisha akachukua sabuni. "Inama nikuoshe."

"Acha tu. Jumatatu nashuka."

Akaliloweka shati badala yake. Idwal aliketi karibu na karai, akatazama maji yakigeuka meusi. Alijaribu kuona uchungu, hata hasira. Hakuona kitu. Akauliza kama chai iko tayari.