Handaki la Bi Somoe

Siku ya kwanza kazini niliripoti kituo cha jeshi cha Kilambo, kando ya mto Ruvuma, nikiwa na shahada mpya ya uhandisi na maswali mengi kuliko nguo. Chuoni nilikuwa nimeandika kwamba ngome ni mambo ya makumbusho. Kapteni wa kituo, mkuu wangu wa kwanza, alisoma barua yangu akauliza, "Droni ikikuona kutoka juu, utajificha nyuma ya shahada?"

Silaha za leo zina macho, na anayeonekana hana pa kwenda ila chini. Kwa hiyo tulichimba. Handaki letu lilipindapinda kila hatua chache, ili mlipuko ukiingia upande mmoja usisafiri hadi mwingine.

Vibarua walikuwa wanawake kumi na wawili, na msimamizi wao alikuwa Bi Somoe, mkandikaji wa nyumba kutoka kijiji cha Ziwani. Alinitazama nikipima kuta zisimame wima.

"Mwanangu injinia, mchanga huu hausimami. Laza kuta kidogo, ziegemee nyuma."

"Kwa nini? Kitabu kinasema wima."

"Kitabu hicho kimewahi kufika Kilambo?"

Wenzake walicheka. Mimi nikashikilia kamba yangu ya kupimia. Mvua ya kwanza ilipopita, ukuta mzima ulikuwa umelala chini.

Kapteni alifika akiwa amekunja uso. "Nani amechimba hivi? Hawa mama warudi makwao, nitaleta kampuni ya mitambo."

Bi Somoe akaanza kukusanya majembe. Angeweza kunitaja kwa neno moja. Ninapenda kuhoji kila kitu, lakini siku ile swali lilinigeukia.

"Afande, wamechimba nilivyowaagiza. Bi Somoe alinikataza."

Kapteni alimgeukia. "Wewe ulimkataza injinia?"

"Mimi ndiye niliyemkataza, baba. Yeye alikuwa anasoma."

Hata Kapteni alicheka. Akatupa wiki moja. Ukuta ukianguka tena, wote tungeondoka, na mimi wa kwanza.

Bi Somoe alilaza kuta, akasuka fito za mianzi kama anajenga nyumba, kisha akazikandika kwa udongo wa kichuguu, ambao ukikauka hulia kama chungu ukigongwa. Mimi nilibeba ndoo. Alinirudisha mara tatu: udongo wangu ulikuwa na maji mengi mno.

Siku ya saba Kapteni aliendesha lori lililojaa kokoto hadi karibu na ukingo. Nilifumba macho. Nilipofumbua, akina mama walikuwa wanapiga vigelegele na Kapteni anatafuta ufa kwa kidole, bila mafanikio.

Baadaye nilihamishiwa vituo vingine viwili vya mtoni, chini ya meja aliyependa ramani kuliko udongo. Kila mahali niliomba kundi lilelile, na kila mahali nilipewa.

Sasa nimeacha kazi ya vituo, nikiwa na miaka thelathini na moja, ili nifundishe. Nyinyi mnaoanza mtaniuliza kama ninaona fahari kujenga kitu ninachoomba kisitumike. Ndiyo, ninaona. Juzi nilipita Kilambo na Bi Somoe. Kapteni alilalamika kwamba mule ndani kuna ubaridi mtamu, askari wakitoka zamu wanalala humo mchana kutwa, na ukuta haujapata hata alama ya risasi.

Bi Somoe alitia kichwa ndani, akawatazama wanavyokoroma.

"Usiwaamshe," alisema. "Ndiyo kazi niliyoifanya."