Siku Niliyomtambua Mdogo Wangu kwa Mwendo

Ilikuwa kabla vita vipya havijatutawanya, bendera ya uhuru wetu ikiwa bado mpya na majirani zangu wa mtaa wa New Site wakiwepo wote. Leo natamani hata kicheko chao cha jioni ile.

Mdogo wangu Lado, niliyemlea baada ya wazazi kufa, alikuwa Marekani akilipwa kucheza mpira wao wa kuangushana. Yeye alikuwa mlinzi, kazi yake kuwasonga na kuwaangusha wapinzani. Mechi yake ilipoonyeshwa dukani kwa Mama Akello, Mganda, nilialika mtaa mzima.

"Wote wamevaa helmeti," Mama Akello akasema. "Mpigie kwanza, uulize namba ya jezi."

"Namba ya nini? Nimembeba mgongoni huyo! Namjua kwa mwendo."

Nikamchagua mmoja aliyetembea kama marehemu baba. Nilimshangilia hadi machozi yakanitoka, na jitu la pembeni yake, lililokuwa likimsonga kila mara, nikalitukana: "Ng'ombe wewe, mwache mdogo wangu!"

Mechi ikaisha, wakavua helmeti. Niliyemshangilia akatokea na nywele za njano.

"Dada," Mama Akello akauliza, "ndugu yako iko mzungu?"

Yule ng'ombe alikuwa ameigeukia kamera akitabasamu, na tabasamu lile nililijua. Lilikuwa la Lado.