Kifaranga Ambaye Baba Hakumtemea Mate

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kijijini kwetu Kishapu, baba alianza kuumwa tumbo. Alikonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko, lakini tumbo lilizidi kujaa, na chooni alitoa damu. Zahanati walimpa dawa za minyoo. Sisi nyumbani tulijifanya wajuzi kuliko zahanati: alikuwa amelogwa.

Kwetu mgonjwa akishindwa kutembea, humtemea kifaranga mate mdomoni. Kifaranga hupelekwa kwa mfumu, mganga wa ramli, naye humpasua na kusoma matumboni ni nani mbaya wake. Baba akatema. "Mtunze mpaka kesho, ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu. Nikamfunika kwa tenga. Asubuhi nilimkuta amekufa.

Niliogopa. Nikakamata mwenzake wa rangi ileile, nikaenda naye pamoja na baba mdogo. Mfumu aliutazama ule utumbo kwa muda mrefu.

"Ni mwanamke wa damu yake," akasema. "Tena anamlisha."

Shangazi Kabula ndiye aliyekuwa akimletea baba mtindi kila siku. Jioni hiyo alirudishwa na kibuyu chake pale kwenye ua wa minyaa. Nilikuwa nimesimama palepale, nikijua kwamba kifaranga yule hakuwahi kuonja mate ya baba.

Tulimnywesha baba mizizi miezi minne. Alipofikishwa hospitali, Mwanza, walimpitishia mpira wenye kamera, wakakata kinyama, wakakipima. Daktari alisema ni saratani ya limfu, imeota kwenye utumbo mpana. Akamwuliza mama, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Mama akatazama kandambili zake. Baba alitundikiwa dripu za saratani mara mbili; ya tatu hakuifikia.

Mwaka jana nilimfuata shangazi kwake, nikamweleza yote. Sasa ni mzee, macho yamefifia. Akauliza, "Baba yako ulimwambia?"

"Hapana, shangazi."

"Basi alikufa akijua ni mimi."

Ninajua leo kwamba hakuna kifaranga ambaye angeuonyesha ugonjwa ule, na ningesema, pengine wangemtafuta kifaranga mwingine tu. Kumponya baba sikuweza. Lakini wiki yake ya mwisho aliomba mtindi, na mle ndani mimi peke yangu nilijua kwamba angeweza kuletewa ule wa shangazi.