Mkono wa Kushoto Ulioomba Radhi

Ipo siku moja ambayo mikono yangu huikumbuka kabla ya kichwa changu. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Bukavu, nimeketi mbele ya piano kuukuu katika darasa la shule moja ya msingi, juu kidogo ya mtaa wa Nyawera. Muzee aliyekuwa akinifundisha aliunyanyua mkono wangu wa kushoto kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kifaranga. Akaugeuza huku na huku, akauliza:

"Huyu, nani alimupigaka?"

Mwanangu, najua utacheka nikikuita hivyo, maana mimi mwenyewe bado kijana, na mama yangu bado ananiuliza kila jioni kama nimekula. Lakini mtu akiitwa Madame tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, uzee humwingia kwa mlango wa nyuma. Nivumilie basi. Wiki hii umeniuliza kwa nini nawaacha mchezee vidole mezani kabla hatujaigusa piano, ukaongeza kwamba tunapoteza saa. Swali hilo nililiuliza kabla yako, tena kwa ubishi kuliko wewe, na jibu lake ni refu.

Muzee huyo tulimwita Papa Anselme. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na ndiye aliyeshika saa ya muziki kwa shule nzima. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi. Aliweza kukuonyesha jambo, lakini hakuweza tena kupiga wimbo mpaka mwisho. Mchana, nikitoka chuoni, nilipanda kwake anifundishe, nami nikamsaidia kuwatuliza watoto. Au tuseme nilijaribu.

Nilikwenda kwake nikiwa tayari najua, kwa fikra zangu. Nilikuwa nimejifunza wimbo mmoja wa haraka kwenye simu, nikifuata vidole vya mtu nisiyemjua. Mkono wa kulia ulikimbia kama pikipiki isiyo na breki inayoteremka kuelekea ziwani, na wa kushoto ukadonoa hapa na pale. Siku ya kwanza nilimpigia wimbo wote. Alisikiliza bila kunikatiza, akatikisa kichwa kwa upole.

"Ni muzuri. Sasa acha piano, ukuje ucheze na batoto."

Mchezo wenyewe unaujua, ingawa hujui ulikotoka. Watoto hulaza mikono juu ya meza. Mwalimu anataja mkono na kidole kwa Kifaransa, kama tunavyohesabu sisi: "Kushoto, quatre!" Kila mmoja anainua kidole hicho cha nne tu. Kikiinuka na cha pembeni, umebeba jirani, na umetoka. Nilikaa kwenye benchi fupi, magoti karibu yaguse kidevu, na msichana aliyeketi kando yangu, jina lake Furaha, alinikodolea macho kama polisi wa barabarani.

"Kushoto, quatre!"

"Madame amebeba jirani!" Furaha alipiga kelele. "Amebeba jirani wawili! Amebeba avenue muzima!"

Darasa likacheka mpaka muuza maandazi akachungulia dirishani. Mimi sikucheka. Chuoni nilikuwa nasoma sosholojia, na tulifundishwa kukihoji kila kinachopita mbele yetu, hata methali. Nikamwuliza Papa Anselme mchezo huu una faida gani, na nani amethibitisha. Kwa nini vidole viwe vimepinda? Kwa nini polepole? Kwa nini kidole gumba kipite chini ya vingine kama mwizi anayepita chini ya dirisha?

Sikutaka kumdharau. Nilitaka kujua tu, na ajabu ni kwamba hakukasirika. Kuhusu vidole alisema, "Shika kama unashikaka avoka ya kuiva. Usiiponde, usiiangushe." Kuhusu nguvu aliniambia nikamtazame mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo: hausukumi mchi, anauacha uanguke kwa uzito wake, ndiyo maana anatwanga mpaka mwisho bila kuumia bega. Jibu hilo nililijaribu, na bega langu likalikubali kabla ya akili yangu.

Alikuwa pia na desturi ya kuweka kifuniko cha chupa ya soda juu ya mgongo wa mkono, kisianguke unapopiga. Nikamwambia kwamba kifuniko hicho kinanikaza mkono, wakati yeye mwenyewe anataka uwe laini. Alikichukua, akakigeuza.

"Ile padri alinifundishaka, alikuwa nafanya vile. Juu ya nini, mimi pia sijue."

Akakitia kifuniko mfukoni, na sikukiona tena. Mwanangu, tangu siku hiyo nilimpenda. Wakubwa wengi wamenijibu maswali yangu. Huyu peke yake ndiye aliyeacha swali langu limbadilishe.

Kisha ikaja siku ile ya mkono wa kushoto. Alipouliza nani aliupiga, nilitaka kubisha, kisha nikamweleza ukweli. Nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Likizo nilizipitisha kwa koko yangu, mama wa mama, kule kijijini Mumosho, na koko hakuwa na mzaha: mkono wa kushoto haupokei chakula, hautoi zawadi, hausalimu mkubwa. Kila nilipojisahau aliuchapa kijiti chepesi, kisha akanikumbatia. Hakuwa mkatili. Alitaka nisiaibike mbele ya watu, na kweli sijawahi kuaibika. Ila mkono wenyewe ulijifunza kukaa nyuma ya mgongo.

"Anapiga kama mutu anaomba pardon," Papa Anselme alisema. "Kila noti: pardon, pardon. Hapa hakuna mukubwa wa kusalimia. Hapa kushoto ndiye anajenga nyumba, ule wa kuume anaingia kukaa."

Nikamwuliza: kama ni hivyo, koko alikosea? Akasema, "Sikusema vile." Mimi, kwa kuwa nilikuwa na swali jingine mdomoni, nikalirukia.

Haukupita muda mrefu, direkta wa shule akaleta habari. Wazazi wa kamati walilalamika kwamba saa ya muziki ni saa ya kugongagonga meza, watoto hawajifunzi kitu. Chumba nacho kilihitajiwa. Angekuja yeye na wazazi wachache alasiri moja wasikilize, kisha wakate shauri: saa ibaki, au ifutwe na piano iondoke. Papa Anselme hakuwa na vidole vya kuitetea. Akaniomba nipige mimi, na watoto waimbe.

Nilijua la kufanya, au hivyo nilidhani. Nikamwambia nitapiga ule wimbo wa haraka. Wazazi wakiona vidole vinakimbia, watanyamaza.

"Na batoto batafanya nini? Batakuangalia?"

"Watapiga makofi, Papa."

"Hapana. Wimbo ni yabo. Wewe utaanza na kushoto peke yake, na nguvu, mpaka baingie."

Nikaanza. Kwa nini kushoto? Kwa nini peke yake? Nani atavutiwa na noti tatu za chini zinazojirudia? Papa Anselme aliufunga mfuniko wa piano, taratibu, bila kuubamiza. Alikuwa hajawahi kunigombeza kabla ya hapo.

"Mutoto yangu, unauliza muzuri kupita bote nilifundishaka. Lakini haungojake jibu. Unauliza, unapita. Swali ni mugeni. Ukimuita kwako, umupe kiti, umungojee na aseme."

Nilitoka nikiwa na hasira. Kuuliza si ujinga, nilijiambia njiani, wahenga wenyewe wamesema. Lakini nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imepoa, na lile neno la mgeni lilikuwa bado limekaa. Nikaamua nitalifanya swali langu kama tunavyofanya utafiti: nitalikalia mpaka lijibu. Nikashusha mkono wa kushoto juu ya meza ya kulia chakula, peke yake, kwa uzito wake.

"Unagonga meza yangu juu ya nini?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Niko natwanga, maman."

"Basi ukuje utwange sombe, ule mukono ufanye kazi ya maana!"

Nikaenda, nikashika mchi kwa kushoto. Mama aliona, akanisogezea kinu. Jioni nyingi zilipita hivyo: meza, kinu, meza. Mkono ulilalamika, kisha ukachoka kulalamika. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, wanasema, na kwa mara ya kwanza sikuihoji methali, kwa kuwa jiwe lilikuwa mimi.

Alasiri ya wageni ikafika. Direkta na wazazi walikaa kwenye mabenchi ya watoto, makoti yamefungwa, nyuso pia. Papa Anselme alikaa pembeni na mikono yake ameifunika kwa kofia. Watoto walianza na mchezo wa vidole. Mama mmoja wa kamati, aliyekuja akiwa ameshakata shauri lake, alilaza mikono mezani ajaribu.

"Maman amebeba jirani!" Furaha alitangaza, akaziba mdomo haraka.

"Hiyi kidole haisikie!" yule mama alisema, akakijaribu tena, na tena, uso wake ukiwa wa mtu aliyesahau alichokuja kukikataa. Direkta aliangalia saa yake. Akaniashiria nianze wimbo.

Watoto wakasimama. Na kabla sijagusa piano, mvua ya Bukavu ikashuka juu ya mabati bila hata kubisha hodi. Unaijua ile mvua: mwalimu hufunga kitabu, kwa kuwa hata mayowe hayasikiki. Niliwatazama watoto. Walikuwa wakinitazama mikononi, midomo tayari, bila kusikia lolote. Nikapiga noti za kushoto kama nilivyozoea zamani, na hazikufika hata benchi la kwanza. Niliona direkta anainuka kidogo.

Ndipo nikaacha mkono uanguke. Uzito wote, bega mpaka ncha ya kidole, kama mchi. Sauti ya chini ilipita ndani ya mbao za piano, ikaingia kwenye sakafu, na watoto waliipokea kwa miguu kabla ya masikio. Furaha akaanza kugonga meza kwa mapigo yaleyale. Mwenzake akafuata. Meza zote zikaitika, zile zilizolalamikiwa, na juu ya meza watoto wakaimba. Mkono wangu wa kulia ulijaribu kuingia, ukapotea mvuani, ukakaa magotini. Hakuna aliyeuulizia. Kushoto kulibeba wimbo mpaka mwisho, na kila ilipofika zamu ya kurudi mwanzo, sauti za watoto zilirudi zote pamoja, hakuna aliyebeba jirani.

Mvua ilipopungua, yule mama wa kamati ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu hakaake chini nyumbani, hata kwa kula. Leo nimemwona anangojea zamu yake." Direkta alijikuna kidevu. "Bon. Saa ibakie. Lakini ikuwe kisha ya hesabu, si mbele."

Papa Anselme hakunisifu. Aliniambia nirudi nyumbani kabla barabara haijajaa matope. Muhula uliofuata alimwomba direkta anipe saa ile, nami nikaipokea. Bado niko hapa. Diploma yangu ya sosholojia iko ukutani kwa mama, anawaonyesha wageni.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikuambii uache kuuliza. Anayekukataza kuuliza anaogopa kitu, na mara nyingi ni uvivu wake. Uliza juu ya vidole, juu ya mchezo, juu yangu mimi mwenyewe. Nikiwa sijui nitakuambia sijui. Lakini majibu mengine hayakai kwenye maneno. Yanakaa begani, kwenye kifundo cha mkono, kwenye meza uliyoigonga mpaka mama yako akakereka. Hayo hupewa anayekaa. Aliyeuliza akakimbia huondoka na maswali mengi na mikono ileile.

Na usiudharau mchezo. Mtoto anayengojea zamu yake huku anacheka amejifunza jambo ambalo wengi wetu chuoni tulilisoma tu.

Tena, ukikuta ndani yako kitu kinachojificha nyuma ya mgongo, usimtafute wa kumlaumu. Koko yangu alinifundisha kusalimu watu, Papa Anselme alinifundisha kusalimu piano, na mimi nawashukuru wote wawili bila kuwapatanisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwalimu mmoja hamalizi mtu.

Nenda sasa, wenzako wameshalaza mikono mezani. Mungu akupe mwalimu atakayeona palipoumia kabla hujasema, akupe nyumba yenye uvumilivu na kelele zako, na mikono yako yote miwili aijalie kazi, mkate, na mtu wa kumshika. Amina.